Waya Mbili za Feni na Mkwe wa Selemani

Vijana wa karakana, hata wiki mbili hazijapita tangu mniage kwa soda na saa ya ukutani, mkanipigia simu kuuliza saketi ya feni ya rejeta inafanyaje kazi. Nikaanza kueleza, mkasema ngoja mama, tuandikie. Haya, nimeandika. Nimekaa hapa Nzuguni kwenye kiti cha plastiki, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, kwa sababu miaka thelathini na mitatu ya kusimama kwenye sakafu ya zege haitoki kwa soda. Habari za vyeo na mshahara sitazigusa. Vyeo sikuviona na mshahara unaniudhi mpaka leo. Nitaandika feni, na katikati nitaungama kosa langu moja ambalo nusura limtoe dereva kwenye usukani wake. Mnaotaka saketi tupu bila maneno ya mtu mzima, tafuteni vitabu.

Siku ya kwanza nilifika saa moja kasoro robo, nimevaa ovaroli lililoshonwa kwa mtu mwenye tumbo. Fundi mkuu wa umeme alikuwa Bwana Maganga, Mnyamwezi wa Urambo, mfupi, masharubu kama brashi ya viatu. Akanitazama kuanzia chini kwenda juu.

"Wewe ndiye fundi umeme mpya?"

"Shikamoo. Ndiyo mimi. Naitwa Nyemo."

"Marahaba. Mgogo?"

"Ndiyo."

Akashika kichwa. Mnajua Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani haoni haya. "Nimeomba fundi," akasema, "wameniletea mtani. Haya, nenda stoo, mwambie akupe mafuta ya feni ya kushoto. Ya kulia tunayo."

Nikaenda. Mtunza stoo, bila kucheka hata kidogo, akaniambia yameisha, nijaribu kwa watu wa bodi. Watu wa bodi wakanituma kwa wachomeleaji. Wachomeleaji wakanielekeza kwa mama ntilie aliyekaa nje ya geti, na huyo peke yake ndiye aliyenihurumia, akanimiminia mafuta ya alizeti kwenye kikombe. Nikarudi nayo nikiwa nimekishika kwa mikono miwili. Bwana Maganga akayanusa, akayapaka kwenye bawaba za kabati lake lililokuwa likilia, akasema, "Mazuri haya. Kesho tutatafuta ya kulia." Kabati halikulia tena mpaka mzee anastaafu, kwa hiyo siku yangu ya kwanza sikufanya kazi bure.

Kitu cha kwanza alichonifundisha kuhusu feni hakikuwa waya, kilikuwa upepo. Gari likienda themanini kwenye barabara ya Kondoa, upepo unaingia kwenye rejeta wenyewe na kuyapoza maji. Likisimama kwenye foleni, upepo unakata. Feni ipo kwa ajili ya kuleta upepo pale ambapo mwendo umeshindwa kuuleta, basi. Kwa hiyo kabla hujafungua boneti, muulize dereva gari linachemsha wapi. Likichemsha mjini na barabara kuu liko salama, anza na feni. Likichemsha kwenye mwendo, iache feni kwa amani yake, tafuta maji yanakovujia, rejeta iliyoziba au kifuniko kilichochoka. Lishikeni hilo, maana mimi mwenyewe niliyefundishwa nilikuja kulishika nusu.

Halafu ndiyo waya. Umeme unatoka betri, unapita kwenye fyuzi nene, unafika kwenye relei na kusubiri hapo. Mota ya feni ni mlaji mkubwa. Ukiupitisha umeme wake wote kwenye ile swichi ndogo ya joto iliyofungwa chini ya rejeta, swichi itaungua siku hiyo hiyo. Ndiyo sababu ya relei. Ndani yake mna koili inayotumia umeme kidogo sana, na koili hiyo ndiyo inayofungua na kufunga njia ya umeme mkubwa. Bwana Maganga alisema relei ni katibu muhtasi: hawezi kubeba hata kiti, lakini asipotaka, humwoni mkubwa. Kutoka kwenye relei umeme unaingia kwenye mota kwa waya mmoja, unaizungusha, unatokea kwa waya wa pili kwenda eathi, yaani kwenye bodi ya gari, na bodi inaurudisha betri. Njia ya kurudi ikikatika popote, feni haizunguki, hata kama ya kwenda ni nzima na inang'aa.

Hapa wengi wenu ndipo mnapopotea. Kwenye magari mengi ya Kijapani ya zamani kidogo, swichi ya joto ikiwa baridi inaunganisha, na kwa kuunganisha inaifanya relei izuie feni. Maji yakipata moto swichi inaachia, relei nayo inaachia, feni inavuma. Yaani feni ile inataka kuzunguka siku nzima, swichi ndiyo inayoikataza. Walifanya hivyo ili waya wa swichi ukikatika huko porini feni izunguke yenyewe, injini isife. Kipimo chake ni rahisi: washa ufunguo, chomoa soketi ya swichi. Feni isipozunguka, fuatilia fyuzi, relei, mota, eathi, kwa mpangilio huo, bila kuruka. Kwenye magari mengine ni kinyume, swichi inaunganisha ikipata moto, na huko badala ya kuchomoa na kuacha, utaunganisha soketi kwa kipande cha waya. Mapya yana kompyuta inayosoma joto na kuamua yenyewe, hayo mnayajua kuliko mimi na wala sioni wivu. Na AC ikiwashwa feni huzunguka hata injini ikiwa baridi, msije mkabadilisha swichi kwa hilo, kama nilivyobadilisha mimi mara mbili.

Testa ya Bwana Maganga aliitengeneza mwenyewe: balbu ya taa ya nyuma, waya mbili, na sindano ya kushonea magunia. Tulipoletewa mita ya kidijitali aliitazama, akaifungia kabatini. "Mita inasema volti kumi na mbili hata waya ukiwa umebaki uzi mmoja," alisema. "Balbu inakula, kwa hiyo haidanganyi." Kwa saketi nene kama ya feni bado ni kweli. Msiipeleke tu kwenye waya za kompyuta, mtaua kompyuta halafu mseme mama Nyemo ndiye aliyewafundisha.

Kesi zilikuwa nyingi. Kuna mwalimu mmoja wa Chamwino ambaye fundi wa mtaani alikuwa amemuungia feni dairekti, akamwekea kwenye dashibodi swichi ya ukutani, ile ya kuwashia taa ya sebuleni, kubwa, nyeupe, ina maua. Mwalimu alikuwa msahaulifu. Kwa hiyo mke wake alikaa kiti cha mbele, macho kwenye geji, na kila wakikaribia mjini alisema, "Baba Neema, feni." Wakitoka mjini, "Baba Neema, zima." Yule mama alikuwa swichi ya joto ya uhakika, hakuwahi kukosea. Nilipowarudishia saketi yao ya asili, mwalimu alinishukuru sana. Mama hakuniaga. Nadhani aliona nimemwachisha kazi.

Wapo pia wale wa kutoa themostati, kile kizibo kinachofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto, na kuitupa, wakisema hiyo ni ya nchi za baridi. Nimewaambia maisha yangu yote na sitarudia hapa, maana presha yangu daktari anaifuatilia.

Sasa kosa langu. Bwana Maganga alikuwa amekwisha kurudi Urambo kufuga nyuki, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa umeme. Watu walianza kuniita Mama Umeme, na ubaya ni kwamba nilianza kuitika.

Tulikuwa na dereva anaitwa Selemani, Mgogo mwenzangu, mrefu, mpole, mtu wa kufuta gari mpaka ndani ya matundu ya rimu. Aliendesha gari dogo jeupe la milango mitano, na kila akilizima alilipigapiga usukani na kulishukuru. Siku moja mota yake ya feni ikafa. Tukapata ya mtumba kwenye duka la spea mjini, ukubwa sawa, ila soketi yake haikuingia. Nikakata soketi zote mbili niunganishe waya kwa waya. Upande wa gari nilijua wa moto ni upi na wa eathi ni upi. Upande wa mota ulikuwa na waya wa bluu na mweusi. Kila mtu anajua mweusi ni eathi, isipokuwa aliyetengeneza mota ile. Nikasokota, nikafunga tepu, nikawasha ufunguo, nikachomoa soketi ya swichi. Feni ikavuma vizuri kabisa. Nikawaita na watu wa injini waje wasikilize.

Wiki hiyo hiyo Selemani akatumwa Kondoa. Akaomba ruhusa kwa bosi kwamba akimaliza kazi asogee mpaka Kolo amchukue mama mkwe wake, Bi Mwanaidi, goti linamsumbua, aje kutibiwa mjini akae kwa binti yake mwingine Area D. Bosi akakubali. Lakini alipofika Kolo, viti vya nyuma vilikuwa vimejaa makasha ya nyaraka za ofisi mpaka darini. Nafasi ilikuwa moja tu, kiti cha mbele, ubavuni mwa dereva.

Kwa mnaotoka mikoa ya mbali niwaeleze. Mgogo aliyelelewa na wazee wa zamani hakai karibu na mama mkwe. Hampi mkono, hali naye meza moja, na wakikutana njiani mmoja anachepuka. Si chuki, ni heshima, na kadiri unavyomkwepa ndivyo unavyomheshimu. Wengi mjini wameshaacha. Selemani hakuwa ameacha. Miaka tisa ya ndoa, akienda ukweni alikuwa akisimama nje ya ua na kuusalimia ukuta.

Basi aliendesha kutoka Kolo mpaka Dodoma akiwa amebana mlangoni, bega la kulia nje ya dirisha, vumbi lote la magari mengine lake. Kioo cha kushoto hakukitazama hata mara moja, maana aliona kumtazama mkwe kwa kioo nako ni kumtazama. Barabara kuu yote geji ilikaa mahali pake. Walipoingia mjini wakakuta foleni, sindano ikapanda, ikapanda, na gari likachemsha katikati ya watu, moshi mweupe mpaka juu, Bi Mwanaidi yumo ndani na goti lake. Akashuka mwenyewe akichechemea, akasema, "Pole, baba." Selemani alikuwa ameshakimbilia ng'ambo ya barabara, eti kutafuta maji.

Wiki iliyofuata lilichemsha mara tatu, zote mjini. Nikaletewa. Nilifanya kama nilivyofundishwa, nikaanza na feni. Feni inazunguka, tena kwa nguvu. Nikasema mbele ya watu, feni nimeifunga mimi na feni haina tatizo. Nikabadilisha swichi ya joto. Watu wa injini wakabadilisha kifuniko, wakabadilisha themostati, wakaiosha rejeta mpaka ikawa kama imetoka dukani. Likatoka getini, likachemsha kabla ya kufika benki.

Bosi akachoka. Aliamini Selemani haangalii maji asubuhi. Alisema mbele yetu sote, "Likichemsha tena mara moja, Selemani anaacha usukani. Atakaa mapokezi aandike majina ya wageni." Siku ile Selemani alikuja kukaa kwenye tairi karibu na meza yangu. Hakulia, lakini sauti ilikuwa imekonda.

"Dada Nyemo, mimi mapokezi nitakufa. Nikae siku nzima naandika watu wanaokwenda mahali, mimi siendi?"

"Tutalipata tatizo, kaka."

"Hili si la umeme." Akatazama pembeni. "Nilikaa na mkwe bega kwa bega. Kutoka Kolo mpaka hapa. Lilianza siku ile ile."

Vijana, mimi nimewacheka watu maisha yangu yote walioniletea gari wakisema lina jini. Lakini siku hiyo nilimwitikia upesi mno. "Inawezekana kabisa," nikasema. Kama ni mkwe, basi si mimi. Nililala vizuri sana usiku huo, na sasa nikikumbuka naona haya.

Akaitwa baba mdogo wa Selemani kutoka kijijini, Mzee Ndahani, mtaalamu wa mila. Mzee akasikiliza, akafikiri, akatoa hukumu: Selemani amwombe mkwe radhi, atoe doti ya kitenge, na gari liwepo, likiwa limewashwa, maana nalo ni mshiriki. Nikamuuliza hiyo desturi ya gari ameitoa kwa babu yupi. Akanijibu kwamba mila zinakua. Akataka pia shahidi kutoka kazini, na Selemani akaniteua mimi.

Jumamosi asubuhi tukakutana Area D, uani kwa shemeji yake Selemani. Bi Mwanaidi aliwekewa kigoda mbele ya gari, karibu na grili, goti limefungwa bandeji, ushungi mweupe kichwani. Mke wa Selemani, Zuhura, alishika kitenge ili mumewe asilazimike kukikabidhi mkono kwa mkono. Selemani mwenyewe alichuchumaa nyuma ya gurudumu la nyuma, ametupa kisogo. Ukikaa mbele ya gari ulikuwa huoni mtu, unaona kofia tu. Mzee Ndahani akaamuru gari liwashwe. Nikamwambia litachemsha. Akasema, "Ndiyo maana tuko hapa."

Mzee akaanza mbali sana, kwenye ukoo. Alipofika kwenye harusi, maji yakawa yamepata moto, nikasikia feni inaanza kuvuma. Ushungi wa Bi Mwanaidi ukainuka, ukapepea nyuma ya kichwa chake, naye akafumba macho kama mtu aliyefungua sufuria ya ugali.

"Na hili gari nalo linanipumulia usoni," akasema. "Pumzi ya moto kama ng'ombe."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Halafu kicheko kikanikauka. Feni ya gari lile imekaa nyuma ya rejeta, upande wa injini. Kazi yake ni kuvuta hewa ya nje iingie ndani. Mtu aliyekaa mbele hapaswi kupigwa na upepo wowote. Ushungi ulitakiwa uvutwe kuelekea grili, na huu ulikuwa ukikimbia gari. Feni ilikuwa inazunguka kinyumenyume. Nilikuwa nimeipa mota ile eathi kwenye waya wa moto na moto kwenye waya wa eathi, na mota za namna hiyo hazilalamiki, ukizigeuzia waya zinageuka tu na kuendelea na kazi kwa furaha. Barabarani upepo wa mwendo uliipoza injini, hata feni haikuhitajika. Kwenye foleni feni ilikuwa inachukua joto la injini na kulirudisha kwenye rejeta. Nilianza na feni kama nilivyofundishwa, nikatazama kama inazunguka, sikutazama inazungukia wapi.

Wakati mimi nimeganda pale, Mzee Ndahani alikuwa amefika kwenye kosa lenyewe. "Mwanetu amekuvunjia heshima, amekaa nawe bega kwa bega."

Bi Mwanaidi akashusha ushungi kwa mikono miwili. "Kumbe ndiyo hilo?"

"Ndiyo hilo."

"Miaka tisa," akasema, na sauti ikabadilika. "Miaka tisa nadhani huyu kijana ananiona mchafu. Akija kwangu haingii ndani. Nikipika anakula nje na kuku. Zuhura akaniambia ni mila zao, nikasema mwanangu ananifariji tu. Siku ile kwenye gari ndiyo mara yangu ya kwanza kukaa naye. Nilifurahi njia nzima. Nilikuwa na maneno nimemwandalia, nikashindwa kuyasema kwa sababu alikuwa ametoa bega dirishani."

Nyuma ya gurudumu kofia ikatikisika. "Mama," Selemani akasema, na Zuhura alishika mdomo, maana hakuwahi kumsikia akimwita hivyo. "Mama, mimi nilikuwa nakuheshimu."

"Heshima gani hiyo isiyokunywa chai?"

Selemani akalia, Zuhura akalia, Mzee Ndahani akakohoa kwa muda mrefu. Na mimi Mama Umeme nimesimama na ukweli mdomoni. Ningepaza sauti kwamba jamani acheni, ni waya, yule kijana angeinuka pale, ajifute machozi, arudi kuusalimia ukuta. Nisijisafishe lakini. Nusu ilikuwa huruma, nusu ilikuwa aibu, na aibu ilikuwa nusu kubwa.

Bi Mwanaidi akasema tuombe dua. Nikasema tuzime gari lisisumbue dua. Likazimwa. Watu wakainua mikono na kufumba macho, Bi Mwanaidi akaanza kuomba, nami nikainua boneti taratibu, nikatoa plaizi mfukoni. Nikabandua tepu, nikafumua waya, nikazibadilisha, wa bluu ukaenda eathi na mweusi ukaenda kwenye moto. Injini ilikuwa ya moto, nikaungua kidole, nikasema "Amina" kwa nguvu mahali ambapo haikuhitajika. Mzee Ndahani alifumbua jicho, akaliona la ajabu, akalifumba. Dua ilikuwa inaendelea. Iliwaombea wagonjwa, wasafiri, mvua ya Kondoa, wakwe wote wa Tanzania, na ikaanza kuwaombea mifugo. Nilikuwa nakandamiza kipande cha mwisho cha tepu iliposema amin.

Tukawasha. Feni ikaingia, na ushungi wa Bi Mwanaidi ukavutwa mbele ukanata kwenye grili. Akautoa polepole, akautazama. "Limekubali," akasema. Vigelegele vikapigwa. Gari liliachwa likinguruma nusu saa nzima huku tukinywa chai, na sindano haikusogea. Selemani aliletewa kiti. Alikikalia upande, hatua tatu kutoka kwa mkwewe, akanywa kikombe mpaka kikaisha, akaongezewa.

Jumatatu bosi alimfanya asimamishe gari juani uani, injini ikiwaka, saa nzima, yeye mwenyewe akiwa kwenye kivuli na saa mkononi. Halikuchemsha. Selemani akabaki na usukani wake mpaka alipostaafu, mwaka mmoja kabla yangu. Mtakaloliandika ukutani kwenye karakana ni hili: ukifunga mota ya feni, usitazame tu kama inazunguka. Weka karatasi mbele ya grili. Ikivutwa na kunata, nenda nyumbani. Ikipeperushwa, badilisha waya zako kabla hujamsingizia mkwe wa mtu.

Maana habari ile ilisambaa. Kwa miezi kadhaa madereva waliochemsha walikwenda kwanza kununua kitenge, ndipo waje kwetu. Mmoja gasketi ya silinda hedi ilikuwa imekufa na akatoa doti mbili. Sikusema neno. Kila Selemani alipoisimulia, mimi niliinamia kazi, na watu wakadhani nina unyenyekevu.

Kabla ya kuandika haya niliona si haki Selemani ayasome kwa watu. Wiki iliyopita nikapanda bajaji mpaka Area D. Anaishi huko sasa na Zuhura, na Bi Mwanaidi yuko nao, amezeeka, goti moja limepona na la pili limeanza. Nikawaambia yote, kuanzia waya wa bluu.

"Kwa hiyo ningekaa mapokezi kwa sababu yako," Selemani akasema.

"Ndiyo, kaka. Na ningekuangalia tu ukikaa. Nisamehe."

Alikuwa amekaa mkekani, bega lake limegusana na la mkwewe, wanachambua mchele kwenye ungo mmoja. Bi Mwanaidi hakuinua hata kichwa.

"Mimi nilijua siku ile ile," akasema. "Nilikuona na plaizi."

"Bibi, ulikuwa umefumba macho."

"Moja. Kwani ulidhani ile dua ilifikaje mpaka kwenye mifugo? Yangu nilikuwa nimeimaliza zamani. Nikaona fundi bado, nikaendelea."